Malaika wanaopiga muziki kwenye picha za dini, hivi vyombo vimetoka wapi?

Nuru_ya_rangi: Habari wakuu. Napenda sana kuangalia picha za dini za zamani, na karibu kila ya Bikira Maria na Mtoto utakuta malaika chini ya kiti anapiga kitu kama gita lenye tumbo nene, mwingine kashika kinubi, mwingine anapuliza zumari. Nimerudi kwenye Biblia, Luka 2 jeshi la mbinguni linamsifu Mungu ila hakuna chombo kilichotajwa, Ufunuo 8 malaika saba wanapewa baragumu saba basi, na vinubi vya Ufunuo 5 wanavyo wale wazee 24. Sasa wachoraji bendi nzima waliitoa wapi?

Kinanda77: Mkuu soma Zaburi 150, humo kuna baragumu, kinanda, kinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi. Mchoraji wa Italia hajawahi kuona kinubi cha Daudi kwa hiyo akachora vyombo alivyokuwa anaviona kila siku, mchoraji Fra Angelico ile kazi ya 1433 ya chama cha wafanyabiashara wa kitani Florence kazungushia malaika 12 wa muziki kwenye fremu. Hilo gita la tumbo nene ni luti, ni mtoto wa udi, chombo cha nyuzi cha Waarabu, hata jina limetoka huko huko.

Sauti_ya_tatu: Mimi naimba kwaya na picha iliyonigusa kuliko zote ni ile ya wachoraji wawili ndugu, akina Van Eyck, ya 1432, iko Ghent Ubelgiji. Malaika wake hawana hata mabawa, wamevaa mavazi mazito ya ibada, na wanaoimba wamekunja nyuso, huyu kafungua mdomo sana yule kidogo, yaani unaona kabisa kila mtu ana sauti yake na anaitafuta. Wengi huchora malaika anatabasamu tu huku anaimba, jamani kuimba ni kazi, aliyechora hivi alikaa karibu na waimbaji akawatazama vizuri.

Kinanda77: Kweli kabisa dada. Na mchoraji Caravaggio je, ile ya Familia Takatifu kupumzika wakikimbilia Misri, ya miaka ya 1590 mwishoni? Malaika katupa mgongo anapiga fidla, Yusufu mzee kachoka ndio kamshikia karatasi ya noti za muziki, Maria na Mtoto wamelala. Hizo noti zinasomeka, ni wimbo wa mtunzi Noel Bauldeweyn na maneno yake ni ya Wimbo Ulio Bora.

Nuru_ya_rangi: Sikujua kama zinasomeka! Kuna zingine zimefichwa makanisani bado?

Kuta_za_kale: Zilikuwepo. Kanisa kuu la Valencia, Hispania, mwaka 2004 mafundi wa ukarabati walikuta malaika wa muziki juu ya dari ya urembo iliyojengwa karne ya 17, chini yake watu wamesali zaidi ya miaka 300 bila kuwaona. Waliwachora Waitaliano wawili, Paolo da San Leocadio na Francesco Pagano, miaka ya 1470, na rangi bado zinawaka, bluu ya anga na nyota za dhahabu, nadhani kule kufunikwa ndiko kulikozitunza.

Nuru_ya_rangi: Asanteni sana. Nimefungua ile ya Ghent sasa hivi nikaikuza, kweli yule wa mbele kakunja uso kama mtu anayeifuata noti ya juu.