Khalati anapona kifua kikuu, anataka kurudi kwenye riwaya: aanze vipi kusoma na kuandika?

BintiKuze
Assalaam aleikum wanajukwaa. Nauliza kwa niaba ya khalati yangu, yaani dada ya mamangu, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, tuko naye hapa Mji wa Kale, Mombasa. Aliugua muda mrefu kabla kifua kikuu hakijagunduliwa. Sasa yumo mwezi wa 3 wa dawa, kikohozi kimekata na uzito unarudi, ila uchovu haujamwacha. Akishika riwaya, kufika ukurasa wa pili macho yanapita juu ya maneno na hakuna kinachoingia. Tena ana riwaya yake mwenyewe aliyoiacha njiani, kurasa kama 140 za mkono, na anaitaka. Vidole vina ganzi, kalamu inamponyoka. Asome nini na kwa kiasi gani? Aandike vipi bila kujimaliza? Na vitabu alivyoazima maktaba, je, vina hatari kwa wengine? Jirani ametuambia tuvichome.

Zahanati_Kisauni
Wa aleikum salaam, dada. Nianze na vitabu, kwa kuwa neno la jirani litamuuma mgonjwa kuliko maradhi yenyewe. Msichome hata karatasi moja. Kifua kikuu huenda kwa hewa: mwenye maradhi akohoe au azungumze katika chumba kisichopita upepo, na mwenzake aivute hewa ile. Hakiambukizi kwa kushika kitabu, kikombe wala shuka. Tena mtu anayemeza dawa zinazomfaa, kwa kawaida baada ya wiki 2 hivi hatari ya kuambukiza huwa imeshuka sana. Rudisheni vya maktaba, muazime vingine.

Vidole navyo visipuuzwe. Isoniazid, mojawapo ya dawa anazomeza, hupunguza vitamini B6 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi na mchomo kama wa sindano kwenye mikono na miguu. Dawa yake ni tembe ya piridoksini, yaani hiyo vitamini B6 yenyewe. Kama hapewi, nendeni kliniki mkaulize. Kama anapewa na ganzi bado ipo, nendeni vilevile. Dawa za kifua asiziache wala asizipunguze mwenyewe.

Halafu macho, na hapa tafadhali msingoje. Miezi 2 ya kwanza hutumika dawa 4, na mojawapo ni ethambutol, ambayo inaweza kuudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Mtu husema "nimechoka, sielewi ninachosoma", kumbe haoni sawasawa. Mpimeni hivi: akae penye mwanga, afunike jicho moja kwa kiganja, asome mistari 3, kisha afunike la pili, asome mistari 3 mingine. Halafu mtandazieni leso yenye nyekundu na kijani, aiangalie kwa jicho moja moja. Herufi zikiwa na ukungu, au nyekundu ikionekana imepauka, ni kliniki siku hiyohiyo. Madhara hayo yakiwahiwa mara nyingi hurudi nyuma, yakicheleweshwa yanaweza kubaki.

Macho yakiwa salama, basi ni uchovu wa kupona, nao una hesabu yake. Siku 3 mfululizo asome bila kujilazimisha, nawe uandike ni dakika ngapi zilipita kabla hajarudia mstari uleule mara ya pili. Tuseme ni dakika 12, 9 na 15. Chukua ndogo kabisa, 9, utoe theluthi: zabaki 6. Hicho ndicho kipande chake. Asome dakika 6, afumbe macho dakika 10 bila simu wala redio, kisha 6 nyingine. Vipande 3 kwa siku vyatosha wiki ya kwanza. Wiki ya pili ongezeni dakika 2, ikiwa tu anaamka vizuri siku inayofuata. Kinachoharibu ni ile siku ya nguvu: anaamka mwepesi, anasoma saa mbili nzima, kesho na kesho kutwa hainuki. Kengele ya simu ikilia aache, hata kama amefika mahali patamu.

Wakati mzuri mara nyingi ni baina ya saa tatu na saa tano asubuhi, akishakunywa uji na tumbo limetulia. Adhuhuri ya kaskazi, msimu wetu wa joto, hapa Mombasa haisomeki hata kwa mzima.

MtunzaVitabu
Zahanati amesema kweli kuhusu kipimo. Niongeze uchaguzi wa kitabu, maana hapo ndipo jamaa wengi hukosea kwa wema: wanamletea mgonjwa riwaya mpya nene "ajipitishie wakati". Akili inayopona haishindwi na maneno. Inashindwa na kushikilia: nani mtoto wa nani, barua iliandikwa lini, huyu aliyetajwa ukurasa wa 8 mbona karudi ukurasa wa 60. Kwa sababu hiyo riwaya za upelelezi, ambazo kwa mzima ni nyepesi, kwa mtu huyu ni mzigo. Kila dokezo ni lazima libebwe hadi mwisho.

Aanze na kitabu anachokijua mpaka mwisho wake. Kisa kikiwa kinajulikana, akili inapumzika na sikio linafurahia lugha. Mwalimu wa Kiswahili hakosi kuijua Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, na umbo lake linamfaa hasa. Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe 6, mmoja baada ya mwingine, na kila mjumbe ana safari yake na marejeo yake. Mjumbe mmoja kwa siku 2 au 3, kitabu kinafungwa, hakuna kilichopotea. Nagona ya Kezilahabi, ya 1990, ni nyembamba, lakini wembamba wake usiwadanganye: imevunja mfuatano wa wakati na mahali, na humtaka msomaji aijenge upya kichwani. Iwekwe mpaka apate nguvu. Kwa hiyo angalieni kisa kimekatwakatwa vipi kabla ya kuhesabu kurasa. Mikusanyiko ya hadithi fupi ni mizuri, mradi kila hadithi isizidi kurasa 8.

Kateni boksi tupu la biskuti mpate kadi ya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja aandike majina ya wahusika, yasizidi 5, na uhusiano wao. Upande wa pili, kila anapoacha, mstari mmoja wenye kitendo: "Mjumbe amerudi, wamemkamata." Kuandika "nimeacha sura ya 3" hakumsaidii kitu kesho.

Asilale chali akakiinua kitabu juu ya kifua, mikono itachoka kabla ya akili. Aegemee, mto uwe juu ya mapaja, viwiko vipate pa kutulia, kitabu kiwe kama sentimita 40 kutoka machoni. Akisoma kwa simu, atafute faili ya EPUB, kwa sababu ukikuza herufi mistari hujipanga upya. PDF ukiikuza inabidi usukume ukurasa kushoto na kulia, na mkono wenye ganzi hautaki hayo.

Na vitabu vya mtumba vya kando ya barabara, vinuseni kwanza. Unyevu wetu wa pwani huzaa ukungu ndani ya karatasi, na mapafu yanayopona hayauhitaji. Kikiwa na madoa ya kijivu na harufu ya stoo, kisiingie chumbani kwake.

BintiKuze
Ahsanteni mno. Rangi anaziona vizuri kwa macho yote mawili, na kesho tunakwenda kliniki kwa ajili ya vidole. Lakini sasa ameitoa miswada yake sandukuni. Anataka aisome yote 140 tangu mwanzo, kalamu nyekundu mkononi, ndipo aendelee. Nimwache?

Kalamu_ya_Makupa
Usimwache, lakini usimkataze kuandika. Mzuie kusoma yote tu. Kwa vipande vya dakika 6, kurasa 140 za mwandiko wa mkono ni wiki nyingi, na mwalimu mwenye kalamu nyekundu ataisahihisha sura ya kwanza mara kumi kabla hajaongeza sentensi moja mpya. Nguvu zote zitaishia nyuma.

Chukueni kurasa 5 za mwisho peke yake. Msomee wewe, yeye asikilize akiwa ameegemea. Kwa kila mhusika anayetokea humo, muulize jambo moja: huyu sasa anataka nini? Andika majibu kwenye karatasi moja, jina na haja yake. Hiyo karatasi ndiyo mlango wa kurudia. Yaliyotangulia yatasomwa pale tu anapohitaji kuhakikisha kitu.

Kisha asiandike "sura". Aandike tukio moja: watu 2, mahali pamoja, kitu kimoja ambacho mmoja anakitaka na mwenzake hakitoi. Maneno 150 kwa kikao, yaani karibu ukurasa mmoja wa daftari la shule. Mtu aliyechoka huandika kwa kufupisha hisia, na hapo ndipo nathari hufa. Tazama:

"Alihuzunika sana kwa kuachwa na mumewe."

Sentensi hiyo haina mahali wala mkono. Sasa mpeleke huyo mwanamke kivukoni Likoni:

"Aliukunja ukingo wa leso, akaukunjua, akaukunja tena. Lango likafunguliwa, watu wakamiminika kuteremkia feri. Yeye akabaki ameketi juu ya ndoo yake."

Huzuni haikutajwa na ipo. Ya pili ina maneno mengi zaidi, lakini ni rahisi kwa mtu mchovu kuiandika, kwa sababu anatazama na kunakili, hatafuti maneno makubwa.

Kengele ikilia aache katikati ya sentensi, pale anapojua kabisa neno linalofuata. Chini aandike maneno 3 tu ya kitakachokuja: "feri, mtoto, tiketi". Anayemaliza tukio lote leo hukutana na ukurasa mtupu kesho, na ukurasa mtupu ndio unaomrudisha kitandani. Kusahihisha kuwe siku yake peke yake, mara moja kwa wiki, kwa penseli.

Penseli nayo si kwa ajili ya kufuta tu. Kalamu ya wino yenye kigololi nchani inategemea wino kushuka, kwa hiyo ukiandika umeegemea na ncha ikatazama juu hukauka baada ya mistari michache, nawe unakandamiza zaidi. Penseli ya 2B ni laini kuliko HB na haitaki kukandamizwa. Chana utepe wa leso kuukuu wenye upana wa sentimita 3, uuzungushe kwenye penseli mpaka iwe nene kama kidole gumba, ufunge kwa mpira. Vidole vyenye ganzi hushika kinene vizuri kuliko chembamba. Daftari liwe jepesi, la kurasa 48, juu ya ubao au sinia lililolazwa juu ya ule mto wa mapajani.

Mkono ukikataa, aseme. Kibodi ya simu huandika Kiswahili kwa sauti, ila mara nyingi haiweki nukta na huchanganyikiwa na Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa: mhusika akisema "ndoo" kwa maana ya "njoo", hakuna hakikisho litatoka neno gani, na "mato" (macho) na "ndia" (njia) ni hivyohivyo. Kama mazungumzo yake ni ya Kimvita, arekodi sauti tu nawe uyanakili kwa mkono. Dakika 3 kwa mara moja, asizidi, kwani kusema mfululizo hula pumzi.

MtunzaVitabu
Niongeze juu ya maneno ya Kalamu, jambo moja kwako dada BintiKuze, kwa kuwa ndiwe utakayenakili. Uchovu huleta makosa ya ujamaa. Sura ya kwanza mtu ni "ami", sura ya tisa keshakuwa "mjomba", na msomaji wa pwani anajua papo hapo kuwa ndugu wa baba amegeuka ndugu wa mama. Weka karatasi ya wahusika: jina, umri, anamwitaje kila mwenzake. Na upepo wa msimu pia. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo jahazi la kutoka Lamu kuja Mombasa huupata upepo huo kwa nyuma. Akilirudisha Lamu kwa wepesi mwezi wa Januari, wazee watamrudishia kitabu.

Zahanati_Kisauni
Akitaka kuandika juu ya ugonjwa wenyewe, iko njia iliyochunguzwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, waandike mambo yaliyowaumiza. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi; nafuu ilionekana miezi iliyofuata. Hao walikuwa vijana wazima, kwa hiyo kwa khalati nusu ya muda huo inatosha, na isiwe usiku. Akikosa usingizi baada yake, augeuze ugonjwa uwe wa mhusika mwingine, au auache kwanza. Akianza homa za usiku, kukohoa damu, au macho kuwa manjano, kalamu chini na kliniki mara moja.

Kalamu_ya_Makupa
Na miswada ile isirudi sandukuni. Ipigeni picha kwa simu, kurasa 10 kila siku, mchana karibu na dirisha, bila kivuli cha mkono. Kisha iwekeni katika mfuko wa plastiki wenye kufungika, pamoja na pakiti moja ya zile chembe za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vipande vipya vipigwe picha kila Ijumaa.