Oili ya giaboksi: ya kampuni au ya nje, gari likiwa bado na waranti?

Kipepeo77
Wakuu, habari za muda huu. Gari langu bado lina waranti na nataka kumwaga oili ya giaboksi. Fundi wangu anasema oili ya kampuni unalipia jina tu, niweke ya nje. Nimeona tatu: Valvoline MaxLife, Castrol Transmax na Idemitsu. Ipi kali kuliko zote? Gari linaingia gereji Jumamosi, naomba majibu ya haraka.

Spana Kumi
Mkuu, gari gani? La mwaka gani? Limetembea kilomita ngapi? Kitabu cha gari kinasema oili gani? Oili umezitaja tatu, gari hujalitaja.

Kipepeo77
Ni gari la kawaida tu la familia, otomatiki. Halina tatizo lolote.

Spana Kumi
"Otomatiki" haitoshi. Kuna giaboksi yenye konveta (inayopitisha nguvu ya injini kwa oili) na gia zake sita, nane au kumi, kuna CVT (isiyoruka gia, mwendo unabadilika bila hatua), kuna ya klachi mbili. Kila moja na oili yake. Ukikosea hapo, hata oili ya bei juu kuliko zote itaua giaboksi. Halafu Castrol Transmax si oili moja, ni ukoo mzima: kuna ATF (oili ya otomatiki za kawaida), ya CVT na ya klachi mbili. Idemitsu vilevile. Fungua kitabu, kurasa za mwisho kwenye ujazo na vilainishi, utuandikie hapa neno kwa neno.

Babu Dexron
Wakati tunamsubiri, mimi nasimama na MaxLife. Naitumia kwenye magari mawili ya nyumbani, moja lina giaboksi ya Aisin na lingine ya GM, na gia zinaingia laini hata asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ni sinthetiki, inavumilia joto, na naweka akiba ya aina moja kwa magari yote mawili. Kampuni za magari hazichemshi oili. Wananunua kwa watengenezaji haohao, wanabandika lebo yao.

Mnato
Babu, kwamba wananunua ni kweli, ila wananunua mchanganyiko waliouagiza wao. Tofauti iko hapo.

Dexron III, kiwango cha zamani cha oili cha GM, ikiwa kwenye nyuzi 100, uzito wake (yaani mnato, si kilo) ulikuwa karibu sentistoki 7.5, kipimo cha mnato. Dexron VI iliyoingia 2005 imewekewa kikomo cha 6.4. WS, oili ya Toyota, iko karibu na 5.5. Mercon ULV ya Ford, ile ya giaboksi za gia kumi, imeshuka hadi karibu 4.5. Wanaishusha ili gari lile mafuta kidogo, maana oili nyepesi haiichoshi pampu. Sasa chupa ikiandikwa inafaa Dexron III, Dexron VI, WS na nyingine kibao, ujue mtengenezaji amechagua uzito wa katikati. Giaboksi ya zamani haitajali. Giaboksi mpya, presha na muda wa kubana klachi vimepangwa kwenye kompyuta kwa kuhesabu oili ile nyepesi.

Na hapo sijagusa dawa za msuguano. Oili mbili za uzito uleule zinaweza kuzishika klachi kwa namna mbili tofauti kabisa.

Babu Dexron
Hizo ni hesabu za kwenye karatasi. Magari yangu yanatembea.

Mnato
Yanatembea kwa sababu yote mawili yamo ndani ya kile MaxLife ilichotengenezewa. Sijasema ni oili mbaya. Nasema si jibu la gari ambalo bado hatulijui.

Mama Ayubu
Jamani, mnapima uzito wa oili na mwenzenu ana waranti mkononi. Tuanze na maandishi.

Kitabu kinaweza kusema "tumia oili ya kiwango hiki au inayolingana nayo". Kingine kinasema "tumia oili yetu, madhara ya oili nyingine hayamo kwenye waranti". Kwa ile ya kwanza una nafasi ya kuchagua. Kwa ile ya pili, ukiweka ya nje umejitwisha mzigo wa kubishana.

Pili, geuza chupa usome nyuma. "Imeidhinishwa" maana yake mwenye kiwango ameipima akaikubali. Dexron VI halali ina namba ya leseni inayoanza na J. ZF, watengenezaji wa giaboksi, wana orodha ya oili walizozikubali, Mercedes-Benz nao wana yao, unatafuta jina la oili yako humo. "Inafaa kwa" ni kauli ya muuza oili peke yake. Inaweza kuwa kweli tupu, lakini giaboksi ikifa, wakala wa gari hatamfuata muuza oili. Atakugeukia wewe.

Sheria Mkononi
Mama Ayubu, usimtishe mtu. Marekani wana sheria ya Magnuson-Moss ya 1975: mtengenezaji haruhusiwi kuifunga waranti kwenye bidhaa ya jina lake, labda akupe bure au awe na kibali maalumu. Ulaya kuna kanuni namba 461 ya 2010, ambayo pamoja na miongozo yake inazilinda gereji huru. Wakala akikuambia ukiweka ya nje waranti imekufa, mwambie akuandikie barua yenye muhuri. Aonyeshe kwamba oili ndiyo iliyoharibu.

Mama Ayubu
Kwa anayeishi chini ya sheria hizo, sawa. Kila mtu asome sheria ya nchi aliyonunulia gari. Ila hata huko, sheria inakulinda kwenye jina la oili, haikulindi ukiweka kiwango kisichotakiwa. Na barua yenye muhuri haiendeshi gari. Linaweza kukaa uani kwa wakala miezi mkiwa mnaandikiana.

Ngurumo
Niseme yaliyonikuta mimi, maana yanamhusu mwenye mada moja kwa moja. Gari langu lilikuwa na waranti. Nilipeleka kumwaga oili ya injini kwenye gereji moja, jina naliacha, wakanishauri na giaboksi nayo ifanyiwe. Wakafunga ile mashine ya kusukuma, mipira miwili kwenye njia ya rejeta, mpya inaingia ya zamani inatoka. Oili ilitoka kwenye pipa lililobandikwa karatasi ya kuandikwa kwa kalamu: "ATF magari yote". Nikamuuliza kijana kama inaendana na kiwango cha kwenye kitabu changu. Akasema ATF zote ni moja, tazama rangi, nyekundu kwa nyekundu. Rangi ile huwekwa kiwandani ili oili ikivuja ijulikane inatoka wapi. Haikuambii kilichomo.

Mwanzoni gari lilikuwa zuri. Baadaye likaanza kutetemeka kwenye mwendo wa 60 hadi 80, gia ya juu, mguu ukigusa mafuta kidogo tu. Ukikanyaga linaacha, ukiachia linaacha. Unahisi kama tairi zinapita juu ya matuta madogo yaliyopangana, na lami imenyooka. Ilikuwa klachi ya kufungia konveta. Inatakiwa iteleze kidogo kwa mpangilio halafu ishike, lakini kwa oili ile ikawa inashika inaachia, inashika inaachia.

Nikaenda kwa wakala. Wakalegeza bolti ya chini, wakakinga oili kidogo kwenye chupa safi, wakaifunga na kuiandika namba ya gari. Maswali yao yalikuwa mafupi: oili ya jina gani, kiwango gani, lita ngapi? Risiti ya gereji ilikuwa na neno moja, "sevisi". Nikawapigia gereji wanitumie picha ya pipa, wakasema limekwisha na limeuzwa. Waranti ikakataliwa kwa maandishi, sababu ikiwa oili isiyotambulika. Nilimwaga na kujaza oili sahihi zaidi ya mara moja, mtetemo ukapungua bila kuisha. Konveta nikabadilisha kwa fedha yangu.

Kwa hiyo kabla fundi hajagusa bolti: piga picha chupa mbele na nyuma, namba ya toleo ionekane. Risiti iandikwe jina kamili la oili, kiwango, lita na kilomita za siku hiyo. Na kinga oili ya zamani kidogo, uifunge uiweke.

Spana Kumi
Pole sana Ngurumo. Ile mashine kwenye gari lenye waranti mimi siifungi. Kumwaga na kujaza kunaacha oili nyingi ndani ya konveta, sawa, lakini unajua ulichotoa na ulichoweka, na unavipima.

Kipepeo77
Samahani, nilikuwa kazini. Nimempigia fundi, anasema giaboksi ni CVT. Kwa hiyo nichukue ipi kati ya zile tatu?

Spana Kumi
Simama hapohapo! MaxLife ATF iondoe kabisa, haikutengenezwa kwa CVT. CVT ya mkanda inategemea mkanda wa chuma kuuma puli bila kuteleza. Oili ya CVT imetengenezwa iruhusu chuma kishike chuma na wakati huohuo isikwanguke. Ukitia ATF ya kawaida, mkanda unateleza, puli zinachubuka, na unga wa chuma unaingia kwenye valvu. Hata CVT kwa CVT hazifanani: Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HCF-2, Toyota wana FE.

Babu Dexron
Kama ni CVT naiondoa MaxLife yangu. Angesema mapema.

Gia Tano
CVT yoyote ni mateso tu. Uza ununue la gia za mkono, uishi kwa amani.

Mnato
Gia Tano, CVT si jambo la jana. DAF ya Uholanzi ilionyesha Variomatic, CVT yake, mwaka 1958, ikiwa na mikanda ya mpira. Nyingi zinazokufa leo ni za watu walioambiwa oili ni ya maisha, hawakuigusa kabisa. Hata ZF, ambao giaboksi zao zenye konveta huuzwa na kampuni za magari kwa maneno hayohayo ya "oili ya maisha", wenyewe wanashauri kubadili kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka minane.

Gia Tano
Kijiti cha mkono hakina mkanda wa kuteleza. Nimemaliza.

Mama Ayubu
@Kipepeo77 swali moja. Gari ni haibridi, la injini na umeme? Maana kuna mafundi wanaita kila giaboksi isiyoruka gia CVT.

Kipepeo77
Ndiyo, ni Toyota haibridi. Limetembea kilomita elfu arobaini na kidogo. Kitabu kimo ndani ya gari na leo analo mke wangu.

Mnato
Basi mada imebadilika kabisa. Haibridi za Toyota kama Prius hazina mkanda wala puli. Zina gia za sayari na mota mbili za umeme zilizomo humohumo ndani ya giaboksi, na oili inazipoza nyaya za mota. Kwa miaka mingi oili yake imekuwa ATF WS, si ya CVT. Matoleo ya karibuni kabisa yamewekewa oili nyingine, kwa hiyo usinunue chochote kabla ya kusoma kitabu cha gari lako.

Babu Dexron
Ikiwa ni WS, chupa ya MaxLife imeitaja WS. Tumerudi palepale nilipokuwa.

Mnato
Imeitaja kwa "inafaa kwa", ile aliyoieleza Mama Ayubu. Kwenye gari la zamani nisingekuzuia. Kwenye giaboksi ambayo nyaya za mota zimelowa ndani ya oili, na waranti bado hai, mimi ningeweka WS ya Toyota yenyewe. Giaboksi hizi hazina konveta, ukimwaga inatoka karibu yote, na hazinywi lita nyingi. Unachookoa kwa kuweka ya nje ni kidogo mno.

Sheria Mkononi
Mimi bado nasema ana haki ya kuchagua.

Spana Kumi
Haki anayo. Tuache hilo, nimpe la gereji. Mwambie fundi afungue bolti ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma kufunguka na oili ameshaitoa, gari limelala hapo. Zile washa, ringi za kuzibia za bolti zote mbili, ziwe mpya. Oili ijazwe hadi iguse mdomo wa tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa pande zote, lisiwe limenyanyuliwa mbele tu. Na fundi aliyekuambia hii ni CVT, muulize alikusudia kuweka oili gani Jumamosi. Jibu lake utuletee hapa.

Mama Ayubu
Na mimi nauliza kwa nini abadili sasa. Kilomita elfu arobaini, halina tatizo, ratiba ya kampuni inasemaje? Kama ratiba haijafika, afadhali amalize waranti kwanza.

Spana Kumi
Hapo tunatofautiana. Oili ya kwanza ndiyo inayobeba unga wa chuma wa gia zikiwa zinazoeana. Elfu arobaini ni wakati mzuri wa kuitoa, ilimradi iingie ileile na risiti iwepo.

Pikapu Nyeupe
Naomba kuingilia kidogo, maana naona wataalamu mko hapa. Langu ni la gia za mkono, kitabu kinasema oili ya uzito wa 75W-90, kiwango cha GL-4. Dukani wana GL-5 tu, muuzaji anasema namba kubwa ni bora zaidi. Niweke?

Gia Tano
Usiweke. GL-5 imetiwa dawa nyingi zaidi ya presha kwa ajili ya gia za difu, zile za kwenye ekseli. Zile ringi za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia, nyingi haziipendi. Msuguano wake unabadilika, gia zinaanza kukwaruza, hasa ukishusha kwenda ya pili. Kuna chache zilizoandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja, hizo soma karatasi ya mtengenezaji kwanza. Gari gani hilo, na difu yake inatumia ipi?

Pikapu Nyeupe
Difu inataka GL-5. Kumbe ndiyo maana wanauza hiyo tu.

Gia Tano
Basi chukua GL-5 ya difu, na GL-4 itafute duka lingine. Uziandike makopo kwa maka kabla hujazipeleka kwa fundi.