Reidi 0 yangu imekataa kuamka, picha za ndoa ziko ndani, munisaidie

Mupigapicha: Bakubwa, niko Goma hapa Katindo, niko na mashine ya Debian (Linux), diski 3 za tera 2 kila moja, nimeziunga kwa programu ya mdadm kuwa reidi 0, yaani diski zote zinakuwa kama moja, kila faili linakatwa vipande juu ya zote bila kopi, inatumika tangu 2019. Juzi umeme ulikatika ukarudi ukakatika tena, kuwasha array (huo muungano wa diski) haiamki. Familia ya Jumamosi wameshaanza kupiga simu. Programu gani ya kurudisha mafaili ni nzuri? Ya bure.

Nyamulagira: Leta mdadm --examine ya kila diski, ile amri ya kusoma diski imeandikwa nini kuhusu reidi yake. Na uligusa nini?

Mupigapicha: Sikugusa kitu.

Mama_Kasuku: Mutoto wangu, picha za watu bila kopi? 2002 volkano ilipoingia mjini tulikimbilia Gisenyi, mtoto mgongoni, albamu ya ndoa kichwani, sufuria nikaacha. Mpaka leo inanuka moshi lakini iko.

Chukudu: Wafunge ndoa tena tu, mara hii bwana arusi anajua pa kusimama 😂

Mupigapicha: Examine hii hapa, zote tatu zinafanana.

Nyamulagira: Soma mstari wa Creation Time. Jana usiku. Array ya 2019 inazaliwaje jana?

Mupigapicha: Sawa, nilipiga --create, amri ya kuunda array upya, niliona jamaa kwa video ikamrudia. Na iliamka kweli! Ila picha zinafunguka nusu, chini majivu matupu, ndo nikapiga fsck -y, ile ya kurekebisha mfumo wa mafaili na kujibu ndiyo kwa kila swali. Wewe ungefanyaje, mteja yuko mlangoni?

Birere_Moja: Huyu anatutungia. Asubuhi kaandika Katindo hakuna umeme siku ya pili, hiyo examine kaitoa wapi?

Mupigapicha: Jenereta ya kinyozi, mafuta nalipa mimi. Nikuletee risiti?

Nyamulagira: Hata kama katunga, mwingine atasoma. --create kwa reidi 0 inaandika superbloku (rekodi ya mpangilio wa array) mpya tu, data inabaki. Ila mashine ikiwaka upya diski, kama sdb na sdc, zinaweza kubadilishana majina, nadhani ya kwanza umeipatia ndo maana ext4 (mfumo wa mafaili) ilionekana, mbili za nyuma umezigeuza. Kibaya ni ile -y, inaandika juu ya vipande vya picha zako. Zima, kopi kila diski kwa ddrescue (programu ya kukopi diski nzima), ujaribu kwenye kopi: mipangilio ya diski ni 6 tu, chunk (ukubwa wa kila kipande) ya kawaida 512K, Data Offset (data inapoanzia kwenye diski) nayo uangalie, mdadm ya zamani haikuacha nafasi sawa na ya leo. Kila jaribio fsck -n, hiyo inasoma bila kuandika.

Mupigapicha: Tera 6 zingine ninunue na nini, avansi yao nimeshakula.

Nyamulagira: Umezima?

Mupigapicha: Fsck iko asilimia 71, si niiache imalize kwanza?