Naomba ushauri: fremu ya kubebea pikipiki ya magurudumu manne kwenye Hilux

Ndugu zangu, salaam. Nipo Arusha, na ninataka kuunda fremu ya kubebea pikipiki ya magurudumu manne, yenye uzito wa takribani kilo 300, juu ya bodi ya Toyota Hilux, ili chini yake ibaki nafasi ya mahema na madumu ya mafuta tunapokwenda Ziwa Natron kupitia Mto wa Mbu. Fundi wa kuchomelea anapendekeza bomba za mraba zifungwe kwa bolti kwenye bodi, lakini mimi naona mzigo ushikwe na chasisi yenyewe, kwa kuwa njia ya mawe hupasua bati kuanzia kwenye matundu ya bolti. Kinachonitia hofu zaidi ni uzito kukaa juu gari linapoinamia korongoni. Aliyewahi kuunda alitumia chuma cha unene gani, na alipandishaje pikipiki?