Tawi likivuka ukuta, nani amlipe mkwezi?

Mkaazi wa Langoni:
Assalaam alaykum. Mwembe wa jirani yangu umevuka ukuta wetu kwa matawi matatu. Majani yake huziba mfereji unaopeleka maji ya mvua katika jabia, yaani birika letu la kuhifadhia maji, na makuti yaliyo chini ya kivuli chake yanaoza mapema kwa kuwa hayapati jua la kuyakausha. Nimemwendea mara mbili kwa adabu, naye amenijibu kwamba anayeudhika ndiye amlipe mkwezi. Kwa rai yangu, anayefaidi tunda hapaswi kumwachia mwenziwe takataka. Naomba mnijibu: jukumu la kupogoa ni la nani?

Mwenye miti, Shela:
Wa alaykum salaam. Neno "takataka" limenichoma, ndugu yangu. Mwembe wetu wa huku Shela, alioupanda marehemu bibi yangu, umetia kivuli nyua mbili tangu nikiwa mdogo, na kila msimu watoto wa upande wa pili huamka alfajiri kuokota embe ngowe zilizoanguka kwao, wala hakuna aliyewauliza. Ikiwa majani ni mzigo wa mwenye mti, kwa nini embe ziwe haki ya mwenye ua?

Msomaji wa sheria, Malindi:
Sheria ya Kenya inazitaka mahakama zifuate, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu, misingi ya sheria ya Uingereza iliyokuwapo tarehe 12 Agosti 1897. Mwaka 1894 mahakama ya juu kabisa ya huko ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mtu anaweza kukata tawi lililoingia kwake bila hata kumpa taarifa mwenye mti, alimradi asiikanyage ardhi ya mwenziwe. Kwa hiyo una ruhusa ya kukata mpaka usawa wa ukuta. Embe, hata hivyo, si zako: mwaka 1919, huko huko, jirani aliyechuma matufaha kwenye matawi yaliyomwelekea na kuyauza aliamriwa kumlipa mwenye mti. Wala usimpelekee kadhi shauri hili, kwa sababu Katiba ya 2010 imeiwekea mahakama yake mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi.

Mama wa Mkomani:
Mwanangu wa Malindi, hilo la "embe si zako" sikubaliani nalo hata kidogo. Wanangu wamekua kando ya ukuta wenye mwembe, na hawakuwa wezi. Huyo wa matufaha alichuma na kuuza. Mtoto anayeokota kilichodondoka mlangoni kwao amefanya kosa gani?

Msomaji wa sheria, Malindi:
Niwie radhi, mama, sikukusudia watoto. Nilikusudia mtu mzima atakayeleta mkwezi, akakata tawi pamoja na matunda yake, kisha akajaza kikapu.

Mwenye miti, Shela:
Hapo umenena. Mtoto na aokote. Ninachokichelea ni mtu kusoma kwamba anaruhusiwa kukata bila taarifa, akaupogoa mwembe wakati wa maua, na familia nzima ikakosa embe za mwaka. Kuruhusiwa hakumwondolei wajibu wa kubisha hodi kwanza.

Mkaazi wa Langoni:
Nilibisha hodi mara mbili, na niliandika hivyo tangu mwanzo. Neno "takataka" naliondoa, kwa kuwa bibi aliyepanda mti hastahili kusemwa hivyo. Kuhusu ujira, ambao wote mmeuruka, hivi ndivyo nitakavyomwambia jirani: matawi mawili yangoje mpaka embe zichumwe, yapogolewe kabla ya masika, na tugawane malipo ya mkwezi nusu kwa nusu. Tawi la tatu, lililo juu ya mfereji, nitalikata wiki hii kwa fedha yangu, nikisimama ndani ya ua wangu, kwa sababu maji ya jabia hilo ndiyo tunayokunywa. Embe zake nitampelekea mlangoni.