Mafundi muziki wa magari Dar mmezidi: nailoni ya mlango mnachana, krosova zinatoweka, halafu mnatwambia "spika zako feki"

Wakuu, salamu zitafuata baadaye. Leo nimekuja na hasira zangu zote.

Nilinunua seti ya spika za komponenti, inchi 6 na nusu, za milango ya mbele ya Toyota Allion yangu ya 2004. Kwa ambaye hajawahi kuzinunua, kwenye boksi unakuta wufa mbili (spika kubwa za besi), twita mbili zilizojitenga (vispika vidogo vya sauti nyembamba), na vijisanduku viwili vyeusi ambavyo ndivyo krosova. Maana ya kutenganisha twita ni kuipandisha juu, karibu na kioo cha pembeni, ili mwimbaji umsikie usawa wa uso na siyo aimbie magotini kwako. Shilingi 280,000 zikatoka. Ufundi 70,000. Na ile ya kuzuia kelele mlangoni wanayoiita saundi prufu 40,000 nyingine, ambayo nitaifikia, msijali.

Jioni nafika kuchukua gari, muziki unalia mtaa mzima unasikia, vijana wanatikisa vichwa. Nikalipa. Kuanzia pale mpaka leo sijapata raha na lile gari.

Nianze na krosova, maana hapo ndipo damu inapochemka. Twita ya kulia ilikufa mapema sana. Nikafungua kava la ndani la mlango mwenyewe, nikakuta waya wa twita umesokotwa pamoja na wa wufa, ukazungushiwa tepu nyeusi, basi. Krosova hakuna. Nikafungua mlango wa pili, hakuna. Nikawasha gari hadi dukani kwa fundi.

"Bosi, zile krosova huwa tunazitoa, zinapunguza sauti."

Mnazitoa mnazipeleka wapi?

"Zile zilitupwa."

Kifaa kipya kutoka kwenye boksi langu, nilichokilipia, kinatupwa bila hata kuniuliza! Na wakati ananiambia hivyo, nyuma yake kuna kabati la kioo limepangwa krosova za kila aina, hazina maboksi, zina bei. Sisemi zangu zilikuwemo. Nasema nilizitazama sana, na yeye aliona ninavyozitazama.

Sasa niwaambie hiyo "inapunguza sauti" ni uongo wa kiwango gani. Ndani ya krosova kuna kapasita na koili. Kapasita inaizuia besi isiifikie twita, koili inazizuia zile sauti nyembamba zisiingie kwenye wufa. Kila spika inapewa kazi yake. Twita ya aina hii imeundwa kuanzia kama hezi 3,000 kwenda juu, na waya wa koili yake ni mwembamba kama unywele. Ukiipelekea mdundo wa singeli mzima mzima bila kapasita inapata moto, inaungua. Haina ujanja. Na kuna la pili ambalo hawa jamaa hawalijui kabisa: wufa ni omu 4, twita ni omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, zikipungua redio inabeba mzigo mkubwa zaidi). Ukizisokota pamoja bila krosova, redio inaona omu 2, na redio nyingi za gari zimeandikwa wazi kwamba mwisho wao ni omu 4. Ndiyo maana redio yangu nikipandisha sauti inachemka na kujizima yenyewe. Nilipomweleza fundi akaniambia redio imechoka. Redio ambayo kabla ya kuingia kwake ilikuwa inafanya kazi miaka yote!

Tuje kwenye mlango wenyewe.

Ukitoa kava la mlango wa Toyota, na magari mengine mengi ya Japani, unakutana na karatasi ya nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi inayonata. Fundi wetu akiiona ile anaiona takataka. Ananyofoa, anaviringisha, anarusha kwenye pipa. Wakuu, ile nailoni ina kazi mbili, na zote mbili ni za lazima.

Kazi ya kwanza ni maji. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye mpira wa kioo na kuingia ndani ya mlango. Hiyo ni kawaida, gari halijaharibika. Yanateremka ndani ya bati na kutokea kwenye vitundu vilivyoachwa chini ya mlango. Nailoni ndiyo inayoyalazimisha yabaki upande wa nje na kushuka. Ukiitoa, maji yanarukia kava, yanalowesha hilo gamba la mbao laini lililo nyuma yake, yanashukia kwenye zulia. Masika ya Dar mnayajua. Zulia langu la upande wa abiria lilikuwa linakamuliwa, na gari likawa na harufu ambayo mke wangu hakutaka hata kuijadili, alipanda kiti cha nyuma tu.

Na hiyo saundi prufu ya 40,000? Ni vipande vya karatasi ya lami yenye mgongo wa fedha, ile ya kuzibia mabati yanayovuja. Jua la mchana likipiga gari lililopaki, ndani kunanuka lami. Inayotakiwa ni ya mpira wa byutili, inayong'ang'ania bati hata kwenye joto. Lakini ubaya wake mkubwa ni mahali alipoibandika. Kipande kimoja amekishusha mpaka chini kabisa, kimeziba vile vitundu vya kutolea maji. Kwa hiyo maji hayana nailoni ya kuyazuia ndani, na hayana tundu la kutokea nje. Nilipotoboa kwa bisibisi, maji yalimwagika ya rangi ya kutu.

Kazi ya pili ya nailoni ni sauti, na hapa ndipo "mtaalamu wa sauti" anapoumbuka. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa ya nyuma ikipata upenyo wa kuzunguka ikutane na ya mbele, zinafutana, na kinachofutika kwanza ni besi. Bati la ndani la mlango limejaa matundu makubwa ya fundi kuingizia mkono. Nailoni ndiyo kizibo chake. Mlango ndiyo boksi la spika, hakuna boksi lingine! Umetoa kizibo, besi imekwenda, halafu unaniambia ninunue sabwufa. Ndiyo, aliniambia hivyo, na bei akanitajia palepale.

(Wenye magari mapya zaidi, hili lisiwapite: baadhi yana kihisi cha mgandamizo wa hewa ndani ya mlango, ndicho kinachoamua mfuko wa hewa wa pembeni ulipuke ukigongwa ubavuni. Mlango uliotobolewatobolewa unaweza kukidanganya. Mpeni fundi gari lenu mkijua hilo.)

Halafu kioo. Spika hizi za dukani sumaku yake ni nene kuliko ya spika ya kiwandani, na kioo kinaposhuka kinapita nyuma yake. Dawa ni pete ya kuinua spika itoke mbele kidogo, ya plastiki ngumu au alumini, au ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) kama imepakwa rangi ya kuzuia maji pande zote, kwa sababu MDF tupu ikinywa maji inavimba na kumomonyoka. Unapima kwanza, unashusha kioo mpaka mwisho, unapima tena. Yeye hakupima. Akachukua grenda akapanua tundu la bati, akasukumiza spika ndani, akaipigilia skrubu. Kioo cha abiria sasa kinashuka nusu, kinagonga sumaku, tok. Mota inaunguruma. Nikamuuliza nifanye nini.

"Tumia eisi mzee, joto lote hili unafungua kioo cha nini?"

Nililazimika kutoka nje ya duka nikapumue.

Na ule ukingo alioukata kwa grenda hakuupaka hata tone la rangi. Mimi naishi Kigamboni, upepo wa bahari unatufikia mpaka chumbani. Kutu imeshaanza kuchungulia. Unga wa chuma wa grenda nao umevutwa na sumaku ya wufa, umejaa kwenye uwazi wa koili, ndiyo ule mkwaruzo ninaousikia kwenye kila wimbo wa taratibu.

Nyaya za twita sitazisema sana. Kati ya nguzo ya gari na mlango kuna mpira maalumu wa kupitishia nyaya. Yeye ameupita pembeni, waya unabanwa na mlango kila ninapofunga. Redio za siku hizi waya wa spika hata ule hasi haupaswi kugusa bodi ya gari. Ukichunika ukagusa, redio inajifunga au inakufa. Soketi ya kiwandani ameikata kwa koleo wakati adapta zinauzwa. Klipu za kava kavunja nusu. Hizo tu.

La kufundishana, kwa sababu wengi mna tatizo hili na hamjui: cheza muziki wenye besi, peleka balansi yote kushoto, sikiliza. Peleka yote kulia, sikiliza. Rudisha katikati. Kama besi ilikuwa nzuri upande mmoja mmoja lakini katikati inapungua, fundi amegeuza chanya na hasi kwenye mlango mmoja, spika moja inasukuma wakati mwenzake inavuta. Ukitaka uhakika, chomoa waya za spika, gusisha betri ndogo ya rimoti ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Koni inatakiwa kuruka nje. Za kwangu moja ilikuwa imegeuzwa. Bila shaka ingekuwa hivyo.

Nilipomwambia yote haya mbele ya wateja wake, ndipo likaja lile jibu la mwisho la mafundi wote wa mjini: "Mzee, spika zako feki." Spika nilizouziwa na duka la jirani baada ya yeye mwenyewe kunipeleka kwa mkono! Akaongeza kwamba zimeandikwa wati 300 lakini hazipigi wati 300. Fundi wa muziki, hajui kwamba hiyo 300 ya kwenye boksi ni ya kupambia tu, na ya kuangalia ni RMS, yaani wati ambazo spika inazimudu mfululizo, ambayo kwa hizi ni 60. Na redio isiyo na amplifaya ya pembeni, kwa volti 14 za gari, haiwezi kutoa zaidi ya wati 25 hivi safi kwa spika ya omu 4, hata kama usoni imeandikwa 50 mara 4. Hesabu ya umeme haibembelezeki.

Watu wa Nairobi najua mtakuja na picha za matatu zenu. Sawa, mnajua kufunga muziki, tumekubali. Mimi nazungumzia gari la kupeleka watoto shule.

Risiti niliyopewa ni ya kuandikwa kwa mkono, chini ina muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipoidai mashine ikawa mbovu ghafla. Nimeshapiga picha kila kitu, waya, nailoni iliyochanwa, sumaku, kutu. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yenye vifungu vya kumlinda mlaji, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, wapo hapahapa Dar. Nimempa fundi nafasi ya kunirudishia krosova mbili na fedha ya ufundi. Jina la duka silitaji hapa kwa sasa, msinifuate inbox kuliuliza.

Ninachohitaji kwenu: mwenye nailoni za milango ya mbele ya Allion au Premio ya umbo hilo, zilizotoka kwenye gari la kukatwa, anitajie bei. Pia fundi anayechoma lehemu na siyo kusokota, anayepima kioo kabla ya kukata, na ambaye atakubali nisimame pembeni yake mwanzo mpaka mwisho. Niko tayari kulipa zaidi ya ile 70,000. Anayekataa mteja asimame pembeni, asijisumbue kunijibu.