Kumpa ripota stori ya mtaa: WhatsApp, imeli ama kumfuata mwenyewe?

Mwana_Kisauni: Asalaam aleikum wanamtaa. Huku kwetu Kisauni, Mombasa, mifereji ni mikavu wiki ya tatu sasa, mtungi wa mkokoteni ulokuwa 20 bob saa hii ni 50, nami nataka ripota alifuate hili. Namba yake ninayo, imeli iko gazetini, na jioni nasikia hukaa Mji wa Kale. Nianze na ipi?

Mamake_Rukia: WhatsApp, ila si umwandikie "kuna shida ya maji" halafu unyamaze. Mimi nilituma voisi ya dakika nne nzima, tiki zikawa bluu, kimya mpaka leo. Mara ya pili nikaandika mistari mitatu na picha moja ya foleni ya mitungi alfajiri nje ya msikiti, akapiga simu hata chai haijapoa.

Ripota_Mstaafu: Voisi ndefu hatusikizi, nisiwadanganye. Wengi wetu tulikuwa twalipwa kwa stori ilotoka, mshahara hakuna, kwa hivyo ripota akiona pana mtu yuko tayari kuhojiwa kwa jina lake, atatoka. Tuma kabla ya saa tatu asubuhi aende nayo kwa mhariri, ukituma saa kumi jioni yuko mbioni kumaliza nyingine. Imeli ni ya makaratasi, bili na barua ulowaandikia ofisi ya maji. Na hiyo barua iandike kwanza, iwe ya kuwaomba habari, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yawapa siku 21 kukujibu, wakinyamaza hapo ushapata stori ya pili.

BabuWaBaraza: Kumfuata kahawani utamkuta na watu kumi kila mmoja na lake, utarudi umekula kashata tu 😂 Mimi nasema redio, kina Pwani FM, mtaa mzima wasikia.

Mamake_Rukia: Babu, redio ni kelele ya siku moja, kesho yake wote washahamia mpira.

Mwana_Kisauni: Na akitaka nauli?

Ripota_Mstaafu: Usitoe. Kanuni za Baraza la Vyombo vya Habari zakataza, tena hao unaowalalamikia wana nauli kubwa kukushinda.

Mwana_Kisauni: Haya, WhatsApp basi, kesho alfajiri napiga picha. Nyanya wa nyumba ya pili kakubali kuhojiwa, ila kasema asipigwe picha na leso ya jikoni 😂